Lori la Jumanne

Siku mgongo wa Juliana ulipobaki mtupu ilikuwa Jumanne, mwezi wa saba, mwaka 1957. Saa kumi na moja jioni aliingia uani kwa mama mkwe wake, kijijini Ipembati, juu ya barabara ya Tukuyu, na wanawake watatu wakamzunguka. Mama mkwe, Tupokigwe, ndiye aliyefungua fundo la kanga kifuani pake. Wifi yake Marta akapokea kilichoshuka nyuma. Juliana alibaki ameinama vilevile, kama mtu ambaye bado amebeba, mpaka Marta akamwambia, "Simama sasa, wifi. Tumeshamchukua."

Akasimama. Baridi ikampiga mgongoni, pale palipokuwa na joto kwa miaka miwili kasoro miezi mitatu, na hapo ndipo alipolia.

Mtoto aliitwa Lea. Hakuzaliwa Ipembati wala Ilula, nyumbani kwa kina Juliana huko Iringa. Alizaliwa Rhodesia ya Kaskazini, katika kambi ya mgodi wa shaba ambako baba yake, Saulo, alikuwa akishuka chini ya ardhi kila siku na taa kwenye paji la uso. Saulo alikuwa kijana wa Ipembati. Alikuwa kibarua wa chai Mufindi alipomkuta Juliana, akaenda Ilula kumwona mzee Danieli Kalinga, wakafunga ndoa kanisani, kisha wakavuka mpaka pale Tunduma na sanduku moja la bati na mablanketi mawili.

Huko kambini, Jumatano ilikuwa siku ya watoto, utake usitake. Saa mbili kamili mama wote wenye watoto wadogo walikuwa wamejipanga mbele ya jengo jeupe lenye bati jekundu. Nesi, mwanamke mnene wa Kibemba asiyekuwa na utani na mtu, aliwavua watoto nguo mmoja mmoja na kuwalaza kwenye mzani wenye beseni. Uzito uliandikwa kwenye kadi. Ukiwa umepungua, nesi alikunja uso.

"Mama Lea, haya maziwa ya unga tunayokupa anakunywa mtoto au unakunywa wewe? Maana wewe ndiye ninayekuona unanenepa."

Foleni nzima ilicheka. Juliana naye alicheka, lakini wiki iliyofuata alihakikisha kila kijiko kimeingia kinywani mwa Lea. Mama akikosa Jumatano mbili, nesi alimfuata kwa baiskeli, akaingia hadi jikoni, akafunua sufuria aone kilichopikwa. Akikosa tatu, mumewe aliitwa ofisini kujieleza mbele ya karani.

Verediana, jirani yake, ambaye naye alitoka upande wa Iringa, hakupenda kabisa mambo hayo. "Wanatuchunga kama ng'ombe wa maziwa. Unadhani wanatupenda? Wanataka waume zetu wachimbe bila kuwaza nyumbani kuna mgonjwa."

"Hata kama hawatupendi," Juliana alimjibu, "mtoto si anapimwa?"

Lea alipofika miezi minane alipatwa na kichomi. Alihema kwa haraka, mbavu zikiingia ndani kama mtu anayevuta ngozi kwa kidole. Nesi alimtazama mara moja tu, akasema sindano za penisilini, siku tano. Siku ya kwanza Lea hakulia hata alipochomwa. Siku ya tatu alilia. Siku ya sita alikuwa amemkalia nesi mapajani akimvuta kofia yake nyeupe, na nesi, kwa mara ya kwanza tangu Juliana amjue, akatabasamu. Tangu siku hiyo Juliana alijua kitu ambacho wanawake wengi wa kwao hawakuwa na nafasi ya kukijua. Alijua kichomi kinavyoanza, alijua dawa yake, na alijua idadi ya sindano.

Mwanzoni mwa 1957 Saulo alihamishiwa mgodi mwingine. Huko nyumba za waliooa zilikuwa na foleni ndefu, na yeye alipewa kitanda katika bweni la wanaume. Akamrudisha mkewe na mtoto kwa wazazi wake hadi zamu yake ya nyumba itakapofika. "Mwaka mmoja," alisema kituoni. "Ukizidi sana, mmoja na nusu. Waheshimu wazee."

Juliana alikuwa Mhehe kati ya Wanyakyusa, na alitaka sana asionekane kuwa mzigo. Nyumba yake ilijengwa ng'ambo ya migomba, mbali na ya baba mkwe, kwa sababu huko mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hilo alielezwa na Marta siku ya kwanza kabisa, kabla hajapewa hata maji ya kunawa.

"Baba akija njiani, wewe unaingia kwenye majani na kujifunika kichwa. Huli anapokula. Huketi alipokalia. Jina lake hulitaji, hata Sedekia wa kwenye Biblia humtaji, unapita tu unaendelea na mstari unaofuata. Umesikia, wifi? Kwenu Uhehe nasikia mnamshika baba mkwe mkono kama mnasalimiana na karani wa kodi."

"Tunamwamkia," Juliana alisema. "Kwa magoti."

"Ehe, unaona sasa! Unampigia mtu magoti huku unamtazama machoni. Aibu gani hiyo!"

Juliana alijifunza. Alijifunza mpaka akawapita wenyeji. Wakamwana wenzake walikuwa wakimsikia mzee Sedekia akikohoa wanavuta kanga kichwani na kugeukia upande. Yeye alikimbia. Mara moja alitumbukia kwenye mfereji akiwa na mtungi wa maji kichwani, na wanawake wakalisimulia jambo hilo wiki nzima. "Mhehe wa Saulo ana heshima mpaka inamvunja miguu," walisema. Hakujua kama ni sifa au ni dhihaka. Aliamua ni sifa.

Kosa lake moja lilitokana na kadi. Wiki ya pili tangu afike alimbeba Lea hadi zahanati, chumba kimoja cha matofali ambacho vijiji saba vilikitegemea. Dresa, mhudumu wa dawa wa hapo, aliitwa Bartholomeo, mtu mwembamba mwenye sweta lililotoboka viwiko, na alikuwa peke yake akifunga kidonda cha mtu aliyejikata kwa shoka. Juliana alimpa kadi. Bartholomeo akaishika kwa ncha za vidole vilivyokuwa na dawa, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma.

"Mtoto anaumwa nini?"

"Haumwi. Nimeleta apimwe."

"Apimwe nini kama haumwi?"

"Uzito. Huko tulikotoka walikuwa wanampima kila Jumatano."

Mwenye kidonda akacheka, akasahau maumivu. Bartholomeo hakucheka. "Mama, hiyo ni nchi ya watu. Mimi hapa wanaokuja ni wale wanaokaribia kufa, na hao tu siwamalizi. Mzani wa watoto sina. Kuna mzani wa kahawa pale chama cha ushirika, ukitaka."

Alisema hivyo kwa uchovu tu, lakini Juliana alilichukua neno kama lilivyo. Msimu wa kahawa ulikuwa haujaanza, na karani wa ushirika alikuwa mtu wa kupenda vichekesho. Wakamweka Lea ndani ya gunia, kichwa nje, wakalitundika kwenye ndoano. Ratili ishirini na moja. Juliana aliandika mwenyewe kwenye kadi, chini ya mwandiko wa nesi. Watu walijazana mlangoni. "Daraja la kwanza au la pili?" mmoja aliuliza. "Karani, usisahau kutoa uzito wa gunia!"

Jioni Tupokigwe alikuja hadi mlangoni kwa Juliana, akasimama bila kuingia.

"Baba yako amesikia," alisema. "Amesema mjukuu wake ametundikwa kwenye ndoano mbele ya watu kama mbuzi. Amesema, mwambieni huyo mwanamke hapa si kwa Wazungu. Akirudia kunitia aibu, atarudi kwao peke yake, mtoto atabaki."

Juliana alipiga magoti hapo hapo akaomba msamaha. Kadi aliiweka chini kabisa ya sanduku la bati. Zile Jumatano ziliendelea kuja, naye alikuwa akiamka na kukumbuka ni siku gani, kisha anakwenda shambani.

Mwezi wa saba ukaja na ukungu wake. Jumamosi Lea alianza kukohoa. Jumapili alikataa ziwa na uji. Jumatatu alfajiri Juliana alimfunua kifua, akaona mbavu zinaingia ndani, naye akajua. Hakuhitaji mtu wa kumwambia.

Kule zahanati, Bartholomeo aliweka sikio mgongoni kwa mtoto, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Kichomi," Juliana alisema. "Anahitaji penisilini. Sindano tano."

Dresa aliinua kichwa, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Ni kweli. Lakini kwangu zimeisha tangu mwezi uliopita. Nimeandika barua mbili." Alisaga kidonge kimoja cha salfa, akakichanganya na maji, wakamnywesha mtoto nusu, nusu akaitapika. "Ziko Mbeya, hospitali. Kesho Jumanne lori la Ambrosi linapita na viazi. Upande hilo. Usingoje la Ijumaa, mama. Unanisikia? Ijumaa ni mbali." Akaandika barua, akaikunja mara nne.

Kwa hiyo Jumanne saa mbili asubuhi Juliana alikuwa kando ya barabara, Lea mgongoni, barua ndani ya blauzi. Ukungu ulikuwa mzito. Alilisikia lori kabla ya kuliona, na alikuwa amekwisha kunyoosha mkono liliposimama.

Mbele, karibu na Ambrosi, walikuwa wamekaa katekista na mkewe, na kapu la mayai katikati yao. Juliana akazunguka nyuma. Viazi vilikuwa vimepangwa hadi juu ya ubao, na juu ya magunia walikaa watu kama kumi. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kwenye kona, na ili kuifikia ilikuwa lazima apite juu ya miguu ya mzee aliyevaa koti jeusi na kofia ya sufu. Alikuwa Sedekia. Alikuwa anakwenda Mbeya kununua misumari na kioo cha taa.

Mzee alimwona. Hapo hapo akageuza uso, akavuta kofia chini hadi machoni, kama inavyompasa baba mkwe. Hakusema neno, kwa maana hapaswi kusema neno. Juliana alikuwa ameshashika ubao kwa mkono mmoja na kuweka mguu mmoja juu ya tairi. Akauachia ubao. Akavuta kanga kichwani, akarudi nyuma hatua tatu hadi kwenye majani yenye umande.

Juu ya lori mtu mmoja akashindwa kujizuia. "Mhehe wa mfereji huyo! Leo mfereji uko wapi?" Wanawake wawili walicheka wakiwa wameziba midomo.

"Unapanda au hupandi?" Ambrosi alipiga kelele kutoka mbele. "Viazi vyangu havipandi bei kwa kukaa hapa!"

Mwanamke mmoja mzee, mgeni, aliinama juu ya ubao. "Mwanangu, huyo mtoto anahema vibaya."

Juliana alisikia pumzi ya Lea shingoni mwake, fupi, ya haraka, kama ya kuku aliyekimbizwa. Alijua ni sindano ngapi. Alijua ziko wapi. Alimwona pia baba mkwe wake amekaa amegeuka, na akakumbuka maneno yaliyoletwa mlangoni: mtoto atabaki.

"Ni mafua tu," alisema chini ya kanga. "Nendeni. Nitapanda la Ijumaa."

Lori likaondoka.

Alisimama hapo mpaka mlio ulipokwisha. Kisha akafanya kitu ambacho alipaswa kujua tangu mwanzo kuwa hakiwezekani: akaanza kutembea kwenda Mbeya. Maili ishirini na mbili, nusu yake ni kupanda. Alitembea upesi, wakati mwingine akikimbia, akihesabu pumzi za mtoto hadi mia na kuanza tena. Saa nne aliketi akajaribu kumnyonyesha. Lea aligusa ziwa kwa mdomo kisha akalala. Saa sita walikuwa juu, mahali penye upepo, ambapo vibarua wa barabara walikuwa wakivunja kokoto. Walimwamkia. Mmoja aliuliza kama mtoto ana homa, akampa maji ya moto katika kikombe cha bati. Juliana alimshusha Lea amnyweshe. Maji yalimwagika yakashuka shingoni, na mtoto hakushtuka.

Kibarua yule aliondoa kikombe polepole. "Mama," alisema, "keti kidogo."

Aliketi juu ya lundo la kokoto, akamfunga tena mtoto mgongoni. Vibarua waliacha nyundo. Mmoja alivua koti lake akamfunika nalo mabegani. Wao ndio waliolisimamisha lori la Ambrosi lilipokuwa likirudi, saa kumi kasorobo, tupu, lina watu wanne tu nyuma. Walimwambia dereva kuna msiba.

Sedekia alikuwa amekaa kwenye ubao, pakiti ya misumari mapajani, kioo cha taa kimefungwa kwa gazeti. Alimwona mkamwana wake akinyanyuliwa na vibarua, akaona jinsi kichwa cha mtoto kinavyoning'inia. Akashuka. Alishuka kwa mguu mmoja kwanza, taratibu, mtu mzima, akaenda kusimama pembeni ya barabara akiwapa mgongo, ili mkamwana apande. Ikachukua muda wa kusali Baba Yetu mara moja. Juliana akapita, akapanda, akaketi. Lori likaondoka, mzee akabaki nyuma na misumari yake, akarudi Ipembati kwa miguu katika baridi, na aliingia kijijini giza lilipokwisha kushika.

Watu walimsifu. Kwenye matanga walisema hawajaona mzee mwenye heshima kama ile, kutembea maili zote zile kwa ajili ya mwiko.

Ilikuwa siku ya pili ya matanga ndipo Tupokigwe alipouliza. Walikuwa jikoni, yeye, Marta na Juliana, wakimenya ndizi za waombolezaji.

"Lakini mwanangu, kwa nini hukupanda ile asubuhi?"

Juliana aliinua macho. "Baba alikuwemo."

"Sasa?"

"Mwiko, mama."

Tupokigwe aliweka kisu chini. "Mwiko wa mtoto anayehema? Nani anashika mwiko na mtoto anayehema? Unajifunika, unapita, unakaa. Mimi mwenyewe nilipita mbele ya baba mkwe wangu nikiwa na Saulo mwenye degedege, na baba mkwe ndiye aliyenifungulia mlango. Hata mtoto mdogo hapa analijua hilo."

"Sikuambiwa," Juliana alisema.

Mama mkwe alimgeukia Marta. Marta aliendelea kumenya, kisu hakikusimama. "Mimi nilimwambia mwiko," alisema. "Mengine nilijua anajua. Kwani mtu anafundishwa kumpenda mwanawe?"

Maji yakachemka, Marta akaondoka kwenda kuyaepua.

Mzee Danieli Kalinga alifika kutoka Ilula siku ya nne, kwa basi, na vumbi lote la Igawa kwenye kope zake. Alikaa kando ya kaburi kidogo, kisha akamwambia binti yake afunge sanduku. Juliana alisema hapana. Lea amezikwa nyuma ya migomba ya Ipembati, nani atapalilia? Baba yake hakushindana naye. Aliondoka kesho yake bila kula.

Barua ya Saulo ilifika mwisho wa mwezi wa nane. Nusu ya kwanza ilikuwa ya kilio, na Juliana aliisoma mara nyingi. Nusu ya pili iliuliza kwa nini hakupanda lori, yeye aliyekaa kambini na kuona yote. Ilisema nyumba bado haijapatikana. Ilisema abaki na wazee.

Mwezi wa tisa, wazee wa kanisa walikutana nyumbani kwa Sedekia. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaita. Alisema mila nyingine zimeleta huzuni, na kwamba yeye ni Mkristo. Akamtoa mtamba mmoja mweupe, akamkabidhi kwa mkamwana mbele ya watu, na kwa ng'ombe huyo mwiko ukafunguliwa kati yao wawili, moja kwa moja. Wazee wakaomba. Wanawake wakapiga vigelegele. Marta alimsukuma Juliana mgongoni. "Mtazame sasa, wifi. Umeruhusiwa."

Juliana alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake wote. Macho ya Saulo, na ya Lea pia, yalikuwa yametoka kwake.

Siku hizi mtamba ana mimba. Kila asubuhi Juliana huvuka migomba na bakuli la uji, hupiga magoti mlangoni na kumwamkia baba mkwe kwa Kinyakyusa, "Ugonile, tata," na mzee Sedekia hupokea bakuli, humwitikia, na kumuuliza kama amelala vizuri.